Tusingoje Kliniki
Mazungumzo ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu

  

 Hesabu za miaka 10, hisa, mikopo na faida, mtazisoma katika taarifa ya mweka hazina ndani ya kijitabu hiki hiki. Hatutazirudia. Leo tumeomba nafasi tuzungumze jambo moja ambalo halimo kwenye daftari la hisa, lakini limekula hisa nyingi sana za wanachama. Jambo hilo ni kutafuta mtoto.

Wanachama mnajua tunachosema. Mwenzetu anakuja kuomba mkopo, anajaza fomu kuwa ni biashara ya vitenge. Vitenge hatuvioni. Miezi mitatu baadaye marejesho yanasuasua, mnamwendea nyumbani, mnakaa naye taratibu, ndipo mnasikia. Hela imekwenda kwenye chupa za dawa za kusafisha kizazi. Nyingine imekwenda nauli ya kumfuata mtu aliyesifiwa kwamba anafungua matumbo. Na nyumbani mawifi wanasema, mkwe anasema, mume naye ananyamaza, na kunyamaza kwa mume jamani kunauma kuliko maneno ya mawifi.

Kwa hiyo tulikaa na wauguzi, tukauliza. Tumesoma na maandishi tuliyopewa. Tuliyoyapata tunawapeni hapa kwa lugha yetu ya kawaida, ili mwenye binti ajue, mwenye mkwe ajue, na sisi wenyewe tujue.

DAMU KWANZA

Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 uliwapima damu wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 mpaka 49. Ulikuta kama 45 katika kila 100 wana upungufu wa damu. Hebu tujihesabu hapa tulipokaa. Nusu ya benchi kasoro kidogo.

Mwanamke asiye na mimba akipimwa, damu yake inatakiwa isipungue 12. Akiwa na mimba isipungue 11. Wengi wetu hatujui namba yetu. Tunajua hisa zetu hadi shilingi ya mwisho, lakini damu yetu hatuijui mpaka siku tumebeba mimba na kizunguzungu kimetuangusha kisimani.

Damu hupungua kwa mambo mengi. Malaria huila. Minyoo ya safura huinyonya. Hedhi nzito huimwaga. Kuzaa mfululizo bila kupumzika huimaliza. Halafu kuna chakula. Mwili hutengeneza damu kwa madini ya chuma, kwa vitamini inayoitwa foliki asidi, na kwa vitamini B12. Kimoja kikikosekana, damu haitengenezeki sawasawa, hata kama tumbo limejaa ugali.

Hapo wengine watasema, sisi ni Morogoro, chakula kipo. Ni kweli kipo. Mahindi yapo, mpunga upo, mboga haziishi bondeni. Lakini tuangalie nani anakula nini. Mama lishe wa Mikumi anawapikia wasafiri wa barabara kuu nyama, maini na maharage tangu alfajiri. Usiku anarudi nyumbani amechoka, anakula ugali wa sembe na mchuzi uliobaki. Mama wa Kilosa anabeba mchicha na majani ya maboga mpaka sokoni, anauza yote, anarudi na sukari. Chakula kipo, ila kinapita mikononi mwetu bila kuingia mdomoni.

SIKU 28 ZA KWANZA

Sasa tusikilizane vizuri, maana hili ndilo kubwa la leo.

Mimba inapotunga, ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama karatasi iliyo wazi. Karatasi hiyo hujikunja, ikajifunga kama mrija. Kazi hiyo humalizika kama siku ya 28 tangu mimba kutunga. Kwa mwanamke ambaye siku zake ni za kawaida, hapo ndipo amechelewa hedhi kama wiki 2 tu. Wengine bado wanadhani ni uchovu. Mrija usipojifunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, au huzaliwa bila sehemu ya fuvu na ubongo. Wengi wenye mgongo wazi hupata pia kichwa kikubwa, yaani maji yanajaa kichwani.

Foliki asidi ndiyo inayosaidia mrija huo kujifunga. Na sisi kliniki tunakwenda lini? Tunakwenda tumbo likionekana, mwezi wa 4, wengine wa 5, kwa sababu tunaona haya, au tunaogopa watu wenye macho mabaya. Muuguzi anatupa vidonge vyetu vya kuongeza damu, ile fefo, ambayo ndani yake mna chuma na foliki asidi. Ni vizuri, vinasaidia damu ya mama na uzito wa mtoto, tuendelee kuvinywa. Lakini kwa kazi ile ya mgongo, tumechelewa. Mlango ulishafungwa vizuri au vibaya miezi mitatu nyuma.

Ndiyo maana tunasema tusingoje kliniki. Shamba hatuliandai mvua ikishanyesha. Tunafyeka na kulima mapema, mvua inakuta mashimo tayari.

Wapo mtakaosema haya ni maneno ya wataalamu tu. Basi sikilizeni yalikotoka, maana yalianzia kwa wanawake kama sisi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari mmoja mwanamke wa Kiingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay, India, kuwachunguza wajawazito waliokuwa wakifa kwa kukosa damu. Wengi walikuwa vibarua wa viwanda vya nguo, watu wa kipato kidogo na chakula cha aina moja. Aliwapa kitu cha bei nafuu kinachotengenezwa kwa hamira, kinaitwa Marmite, na damu ikapanda. Alitoa matokeo hayo mwaka 1931. Miaka 10 baadaye, 1941, wataalamu wa Marekani waliipata vitamini yenyewe kwenye majani ya spinachi, wakaipa jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Kwa hiyo foliki asidi maana yake ni kitu cha kwenye majani. Jamani, majani tunayo.

Habari ya mgongo ilikuja baadaye. Mwaka 1991 Waingereza walitangaza majaribio yaliyofanyika katika nchi 7, kwa akina mama waliowahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo. Katika mimba 1,195 zilizofuatiliwa hadi mwisho, watoto 27 walikuwa na tatizo. Kwa akina mama waliokunywa foliki asidi tangu kabla ya mimba walikuwa 6. Kwa wasioinywa walikuwa 21. Majaribio yalisimamishwa mapema, kwa kuwa faida ilishaonekana wazi. Haizuii yote, lakini inazuia sehemu kubwa.

Na mtoto wa mgongo wazi siyo wa uchawi wala wa laana. Hilo tunataka liandikwe kwenye kijitabu kwa herufi za kusomeka. Mwenzetu mmoja alimzaa mtoto hivyo. Aliambiwa alimcheka mlemavu, akaambiwa alivuka njia panda usiku. Kumbe mtoto alitakiwa kupelekwa hospitali haraka. Watoto hawa hupasuliwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, na hospitali nyingine kubwa. Mgongo hufungwa, na mwenye maji kichwani huwekewa mpira wa kuyatoa. Kipo na chama cha wazazi wa watoto hao, ASBAHT, ambacho wazazi hupeana moyo na maarifa. Mtoto wa mwenzetu leo anasoma, anakwenda shule kwa kiti cha magurudumu. Mama yake alipotaka kubeba mimba nyingine alikwenda kwanza kwa daktari, akapewa foliki asidi ya kipimo kikubwa kabla ya mimba. Kakaja kadogo kazima, mmekaona kanavyozunguka hapa kakiomba soda.

TULE NINI, TUNYWE NINI

Kwanza mboga. Mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga, mnafu, matembele, zote zina foliki asidi. Kunde zenyewe, choroko, mbaazi na maharage zinayo ya kutosha. Lakini vitamini hii inakwenda na maji na inakufa kwa moto. Ukichemsha mchicha mpaka ukawa uji, halafu ukamwaga maji, umekula nyuzi. Osha kwanza, kata baadaye, pika muda mfupi, na maji yake yawe mchuzi. Kisamvu peke yake msikifupishe. Kitwangwe na kiive sana kama tulivyofundishwa na bibi zetu, kwa sababu kibichi kina sumu.

Pili, ndimu au chungwa pamoja na mboga, maana huusaidia mwili kukamata madini ya chuma. Chai ya rangi juu ya chakula hufanya kinyume chake, huyazuia. Chai isubiri kama saa moja. Dagaa, nyama na maini, hata kidogo, vina chuma kinachoingia mwilini upesi, na vina B12 ambayo mboga hazina. Mume akiwekewa mnofu, mama naye ajiwekee. Mila haivunjiki kwa kipande kimoja. Ila maini kwa mwenye mimba yawe kidogo, mara mojamoja, kwa sababu yana vitamini A nyingi, na ikizidi sana inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Tatu, udongo. Hii pemba inayouzwa sokoni, tunayotafuna tukiwa na mimba na hata bila mimba. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua, na udongo wenyewe unazuia chuma kingine kuingia. Ukijiona unautamani, kapime damu.

Nne, unga. Kanuni za serikali za mwaka 2011 ziliagiza viwanda vikubwa vya unga wa ngano na wa mahindi kuongeza virutubishi, na foliki asidi ni mojawapo. Basi mkinunua unga wa mfuko, someni kama umeandikwa umeongezwa virutubishi. Lakini wengi wetu mahindi ni ya shamba, tunapeleka mashine ya mtaani. Hapo hakuna kinachoongezwa, labda mashine iwe imefungwa kifaa cha kuchanganyia. Vifaa hivyo vipo. Shirika la Sanku limekuwa likivifunga kwenye mashine ndogo hapa Tanzania. Wenye mashine mliopo leo, tunaomba mlifikirie. Na sisi tupunguze kukoboa. Sembe nyeupe inapendeza sahani, lakini kiini na pumba vilivyobaki mashineni ndivyo vyenye virutubishi vingi. Dona ni chakula cha mwenye akili.

Tano, vidonge. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke anayetaka mimba anywe foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, tangu anapoanza kutafuta mpaka mimba itimize wiki 12. Madukani mara nyingi utakuta kidonge cha miligramu 5, ambacho ni zaidi ya mara 10 ya hicho. Kwa hiyo tusijinunulie tu, tumuulize muuguzi kipimo. Aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi, mwenye kisukari, na anayetumia dawa za kifafa, waende kwa daktari kabla ya mimba, kwani kipimo chao ni kingine. Na wa kifafa asiache dawa zake mwenyewe. Jingine, ukipewa SP ya kukinga malaria kliniki, mwambie muuguzi kama unakunywa foliki asidi ya miligramu 5, kwa sababu kipimo hicho kinapunguza nguvu ya SP.

AMBACHO VITAMINI HAIWEZI

Hapa tuwe wakweli, tusije tukatoka hapa kila mtu anakimbilia duka la dawa.

Mwanamke aliyekonda sana kwa kukosa chakula, hedhi yake inaweza kuvurugika au kupotea, na mayai yasipevuke. Huyo akila vizuri anaweza kurudi sawa. Lakini vitamini haizibui mrija. Mirija ya uzazi mara nyingi huziba kwa magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia yasiyotibiwa, au uchafu ulioingia baada ya kuzaa au mimba kuharibika. Hakuna chupa ya barabarani inayozibua hayo, hata ikiwa na picha ya mtoto mnene kwenye karatasi yake.

Na siyo mwanamke peke yake. Waume zetu, mtuvumilie. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba kama mtu 1 katika kila 6 duniani hupata tatizo la kutopata ujauzito wakati fulani maishani mwake. Wanaume wamo. Mbegu zinaweza kuwa chache au dhaifu, na mwanaume anaonekana mzima, analima heka mbili kwa msimu. Kipimo chake ni chepesi kuliko vyote tunavyofanyiwa sisi. Utaratibu ni huu. Mkikaa pamoja miezi 12 bila kinga na mimba haijaingia, nendeni hospitali wote wawili. Mwanamke akiwa na miaka 35 na kuendelea, asingoje zaidi ya miezi 6.

Tuna mwenzetu aliyekaa miaka minne. Alikopa mara mbili, zote zikaenda kwa dawa za kuzungushwa mtaani. Tulipomsindikiza hospitali, damu yake ilikuwa 7. Kwa damu hiyo, hata mimba ingeingia ingeweza kumuua wakati wa kuzaa. Mume naye alikubali kupima, ikaonekana mbegu ni chache. Mpaka leo tunavyosema hawajapata mtoto. Hatutawadanganya kwamba walipata. Lakini damu yake sasa ni 12, deni limekwisha, na ndani ya nyumba hakuna anayemnyooshea mwenzake kidole. Wanakwenda kliniki pamoja. Kwetu sisi huo ni ushindi, na yeye mwenyewe ametuambia tuuseme.

TUNAYOPENDEKEZA

Baada ya kuyaeleza hayo, kamati inaleta mbele yenu mambo manne. Mtayapigia kura kikao kijacho.

La kwanza. Mfuko wa jamii, ambao mpaka sasa umekuwa wa misiba na ugonjwa, utenge sehemu kidogo kwa ajili ya kupima damu kila mwanachama mara moja kwa mwaka. Namba ya damu iandikwe kwenye kitabu cha mwanachama ukurasa wa ndani, yeye na muuguzi tu waione.

La pili. Mwanachama anayehitaji fedha kwa ajili ya kutafuta mtoto aseme hivyo bila aibu, na mkopo utoke kwa masharti nafuu, ila ulipwe hospitali, kwa vipimo vya wote wawili. Aandike kutafuta mtoto, asiandike vitenge.

La tatu. Tunapomcheza mwali, na tunapofanya kitchen party, tunampa binti khanga, sufuria na maneno mengi ya usiku. Tunamfundisha kumkanda mume. Tuongeze maneno haya ya damu na foliki asidi, na kwenye zawadi za kikundi kiwemo kikaratasi cha kumwelekeza kwa muuguzi. Sisi ni watu tunaohesabu ukoo kwa mama, Wakaguru, Wasagara, Wavidunda, Waluguru. Mwanamke ndiye shina. Shina halimwagiliwi siku ya kuvuna.

La nne. Kila mwanachama awe na tuta la mboga nyumbani, la kula, siyo la kuuza. Mbegu za mchicha na kunde kikundi kitagawa. La kuuza litakuwa jingine.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwako tuna ombi moja. Foliki asidi na fefo visiishe katika zahanati zetu, na wanawake wasio na mimba bado, wanaojiandaa, nao wapatiwe bila kuulizwa mimba iko wapi.

Miaka 10 iliyopita tulikubaliana kuweka akiba kabla ya shida. Watu walicheka, wakasema wanawake watagombana kabla ya mwaka kuisha. Mazoea hayo hayo ya kuweka mapema ndiyo tunayoyaomba kwa miili yetu. Sanduku letu lina funguo tatu na halifunguliwi hovyo. Damu ya mama haina ufunguo, inalindwa na chakula, kidonge na kupima.

 Chakula kiko tayari. Kuna kunde, kuna mchicha, kuna dagaa, na ugali ni wa dona. Chai itakuja baadaye, kama tulivyosema.



Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote